Mafuta ya Kuagia

Maganga alikuwa na kichwa kigumu, na kijiji kizima cha Tindiga kilijua. Aliposikia kwamba mwanawe Obed anafundisha wageni Unguja kuteleza juu ya maji huku wakivutwa na tiara kubwa, alicheka kwa dharau. "Mtoto wa mfugaji! Ng'ombe wamekushinda, sasa unachungwa wewe na upepo?"

Kila masika, kazi ikipungua huko pwani, Obed alirudi nyumbani na begi la vifaa vyake, akavisuuza na kuvianika kivulini nyuma ya nyumba. "Baba, hivi havitaki jua, wala sabuni, wala mafuta. Maji baridi tu, basi." Akamwonyesha mkanda mpana wa kiunoni. Kabla ya huo alikuwa ameikataa miwili dukani: mmoja ulimpanda hadi kwapani, mwingine ulikuwa na nyuzi zilizolegea. Kamba ya tiara ilinasa kwenye kulabu ya mkanda, na hapo palikuwa na kifungulio chekundu. "Upepo ukinizidi nakisukuma hiki, tiara inaniachia. Hii ndiyo roho yangu, baba."

"Roho yako iko shambani," Maganga alisema. "Mwaka huu huendi."

Wakagombana, tena vibaya. Tangu siku hiyo Obed aliamka, akasema, "Shikamoo, baba," na mzee akaitoa "marahaba" kama mtu anayeng'olewa jino. Hakuna lingine lililosemwa kati yao.

Asubuhi ya safari, moyo wa Maganga ulimgeuka. Hasira zote ziliondoka, akabaki mtu anayempenda mwanawe na hajui pa kuanzia. Nisamehe? Mwanamume wa ukoo wao aliseme wapi neno hilo! Alichokijua ni kimoja. Ng'ombe wa kulimia wanapotoka kwa mara ya kwanza msimu ukianza, mwenyewe hupaka mafuta kamba zao za ngozi kwa mikono yake, ndivyo anavyowaaga waende na warudi salama. Basi akachukua kopo la mafuta ya ng'ombe, akafungua begi, akapaka mkanda, akapaka kamba. Kile chekundu akakijaza kuliko vyote, maana si ndiyo roho ya mwanawe?

Obed alifungua begi, harufu ikampiga. Akamtazama baba yake.

"Vilikuwa vikavu mno," Maganga alisema, macho chini.

Obed alitabasamu. "Asante, baba." Akaenda Mikumi kupanda basi.

Mpunga haujavunwa, simu ikalia. Obed amefia majini.

Baada ya maziko alikuja kijana aitwaye Optatus, aliyefanya kazi na marehemu, amebeba lile begi. Akawaamkia wazee, akakalishwa. Coletha, mama yake Obed, hakuweza kungoja chai ichemke. "Mwanangu, niambie. Si alikuwa na kile cha kujiachia?"

"Kiligoma, mama. Kilikuwa na mafuta, mchanga ukagandia ndani. Nilimwambia kila siku, Obed, safisha hicho kitu! Vingine vyote aliviosha. Hicho hakukigusa."

"Kwa nini, jamani?"

Optatus aliinama. "Alisema baba yake amemuaga kwa mafuta hayo. Akasema, nikiyaosha nitakuwa nimemkatalia."

Coletha aligeuka taratibu, akamtazama mumewe. Laiti angesema neno moja tu siku ile, hata kwa kunong'ona! Maganga alisimama, akachota maji kwa karai, akakaa chini na kifungulio na njiti. Akachokoa, akasuuza, akachokoa tena. Optatus aliaga akaondoka, na mzee bado alikuwa pale pale.

Hatimaye akakisukuma kwa kidole, kikafunguka. Akakifunga, akakisukuma tena.

"Kinaachia, mama Obed," alisema, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. "Njoo uone. Kinaachia!"

Coletha alikuja, akakitazama muda mrefu mikononi mwa mumewe.

"Basi kakianike," alisema. "Kivulini."