Mwavuli wa Mstari wa Kwanza

Benidorm, mji wa pwani Uhispania, mwezi wa Agosti, ukitaka kukaa mstari wa kwanza mbele ya bahari, uamke kabla ya jua, uchomeke mwavuli wako mchangani, halafu mtu abaki nao. Ukiuacha peke yake, askari wa manispaa wanaubeba. Kazi hiyo tumeifanya mimi na mume wangu Eutimio tangu binti yetu Nieves akiwa mdogo. Likizo bila mstari wa kwanza si likizo. Heri ubaki nyumbani Cuenca ukitazama ukuta.

Mwaka huu goti langu lilikataa. Ikabidi Eutimio aende peke yake, nami nikabaki na wasiwasi. Wakati wa Pasaka alitoka kununua mkate akapotea njia, akarudishwa na jirani. Nieves hakugomba. Alisema tu, "Mama, Baba akipotea tena, anakwenda nyumba ya wazee. Wewe humwezi peke yako." Na leo Nieves alikuwa njiani, anakuja kula nasi mchana.

"Chomeka, kaa, usibanduke," nilimwambia Eutimio mlangoni. "Hata nani akikuita."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Nenda zako."

Nilipoteremka na chupa ya kahawa na mkate, ufuo ulikuwa umejaa tele. Nikautafuta mwavuli wetu wa kijani, wenye kiraka cheupe nilichokishona kwa mkono wangu. Haupo. Nikaenda hadi kwenye miamba, nikarudi. Haupo.

Fermín, mzee wa Zaragoza tunayekutana naye kila likizo, alikuwa amechelewa na kusukumwa nyuma, karibu na bomba la kuogea. "Visi," akaniita, "leo umeajiriwa kukagua ufuo?"

"Nanyoosha goti," nikasema. Ningemwambiaje? Mkewe mdomo wake hauna kufuli. Nieves angeyapata yote kabla hajavua viatu.

Nikapita tena. Sasa nilikuwa natazama majini, na hilo ndilo lililonimaliza, maana kila kichwa chenye mvi kilichoibuka nilikiona chake. Nikamlaani, nikajilaani, nikamwomba Bikira Maria anisitiri. Simu ikalia.

"Mama, natafuta pa kuegesha gari. Mko wapi?"

"Palepale," nikasema, nikakata simu.

Hapo aibu ikaniisha. Nikamrudia Fermín, nikamshika mkono. "Eutimio amepotea. Nisaidie, tafadhali."

Fermín akanishangaa. "Amepotea wapi? Si yule pale, chini ya mwavuli wa bluu? Tangu nifike hajainuka hata kwenda kukojoa."

Nikageuka. Mwavuli wa bluu. Ule wa kijani ulivunjwa na upepo mwaka jana, nikautupa jalalani mwenyewe. Huu wa bluu niliuchagua mimi, tena nikabishana na muuza duka hadi Eutimio akaona haya. Yote yalinirudia kwa mkupuo, nikaogopa kuliko nilivyokuwa nikiogopa.

Eutimio alikuwa amekaa wima, mkono mmoja kwenye nguzo ya mwavuli, kama mlinzi wa benki. "Umenipita, umerudi, umenipita tena," akasema. "Nimekupungia mkono wee. Nikadhani umeninunia. Na uliniambia nisibanduke."

"Nilikuwa natafuta wa kijani."

Hakucheka. Alinitazama kidogo, akanisogezea kiti, akaipokea chupa ya kahawa mkononi mwangu.

Nieves akatokea, viatu mkononi. "Mama, mbona umesawajika hivyo? Baba amefanya nini tena?"

Nikainama kuufungua mkate.

"Nimemtia wasiwasi," Eutimio akasema. "Niliondoka hapa nikatembea bila kumwambia. Kosa langu."

Nieves aliweka mkoba chini taratibu. "Baba, tulikubaliana."

"Najua, mwanangu." Chini ya kiti alikuwa ameubana mkono wangu ninyamaze.

Nikauchomoa. "Mwongo huyo," nikasema. "Hajabanduka hapa tangu alfajiri. Aliyepotea ni mimi."

Nieves akakaa mchangani, akatutazama huyu na huyu, asijue aanze na nani.