Doa la Halli

Jouko alikuwa ameshaamua. Saa nne asubuhi Halli angepelekwa kwa daktari wa mifugo, achomwe sindano, alale asiamke tena. Mbwa amezeeka, alisema, hajizuii, nyumba nzima ya Mama inanuka mkojo. Aune, huyo mama mwenyewe, aliisikia hukumu hiyo akiwa na kikombe cha kahawa mkononi, akanyamaza. Pale Kotka, mji wa bandari wa Ufini, watu hufundishwa kunyamaza kabla ya kufundishwa kusoma.

Lakini mkojo haukuwa wa Halli. Ulikuwa wake. Tangu majira ya baridi miguu yake haikuwa ikimfikisha chooni kwa wakati, na zulia la chumbani, lile alilolifuma mwenyewe kwa vitambaa vya nguo kuukuu, lilikuwa njiani. Jouko alipoingia akakunja pua na kumkazia mbwa macho, Aune hakumsahihisha. Mwanawe alishamwonyesha picha za nyumba ya kutunzia wazee, ile yenye korido ndefu, ambako mbwa hawaruhusiwi. Basi akamtwika Halli lawama, naye Halli akazibeba bila kubweka. Aibu hiyo ilimtafuna Aune kuliko harufu yenyewe.

Asubuhi hiyo ya Juni, Jouko alipokuja kumchukua mbwa, mkewe Tarja alimchukua Aune na zulia lake, wakaenda kwenye gati la kufulia mazulia. Gati lile linaelea ufukweni, lina meza ndefu za mbao, na kila kiangazi wanawake wa mtaa hukutana pale na brashi zao na sabuni ya msonobari. Lina sheria moja isiyoandikwa popote: huulizi doa ni la nani. Sifu rangi, isengenye serikali upendavyo, lakini doa la mwenzio lipite kama hukuliona.

"Tia siki kwanza," Aune alimwambia mkaza mwanawe walipolitandaza. "Siki na maji baridi. Liache linywe."

"Nisianze na sabuni, Mama?"

"Ukianza na sabuni unaivalisha harufu gauni tu. Iko palepale."

Meza ya pili alikuwapo Lempi, aliyesoma na Aune tangu utotoni, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki. Akanyoosha shingo.

"Heh, Aune! Nyekundu yako imechujukia kwenye nyeupe. Na hili doa limepikwa kabisa. Kuna mtu kalimwagia maji ya moto!"

"Ni la mbwa," Tarja akadakia, amfunge mdomo.

"Mbwa gani huyo, anachemsha maji?" Lempi akacheka peke yake. Kisha akaikumbuka sheria, akainamia zulia lake, masikio yamemwiva kwa aibu.

Aune alikuwa amefua mazulia maisha yake yote, na alijua fika kwamba moto huigandisha harufu ya mkojo kwenye nyuzi. Hata hivyo, kila asubuhi alikuwa amemwaga birika zima, haraka haraka, kabla mtu hajabisha hodi. Hofu haikumwachia nafasi ya kufikiri.

Tarja alisimamisha brashi. Akalitazama doa, akaitazama ile rangi iliyochuja, akamtazama mama mkwe wake. Halafu akaichovya brashi majini na kuendelea kusugua.

"Litatoka, Mama," akasema polepole. "Hakuna haja ya kusema lolote."

Aune alielewa. Alikuwa anafunguliwa mlango wa kutorokea, na tusifiche, alitamani kuupita. Tarja asingesema kamwe. Wala Halli. Akamkumbuka Halli alivyokuwa akisimama kando yake kila asubuhi wakati yeye akimwaga maji, akitikisa mkia, akidhani labda ni mchezo.

"Nipe simu," akasema.

Jouko alipokea akiwa garini.

"Umeshafika kwa daktari?"

"Ndiyo naegesha gari, Mama. Vipi?"

"Geuza. Si Halli. Ni mimi ninayekojolea zulia."

Masikio ya Aune yalikuwa mazito, kwa hiyo alisema kwa sauti, na gati zima likasikia. Brashi zikanyamaza. Lempi ndiye aliyeanza, akasugua kwa nguvu kama anayegombana na zulia lake, na wengine wakafuata, wote kwa kelele, ili asiwepo wa kusikia zaidi.

"Kwa nini hukuniambia?" Jouko aliuliza.

"Ungenipeleka kwenye ile korido."

"Ukaona bora mbwa afe?"

"Niliona hivyo. Mpaka leo. Njoo naye, mwanangu."

Walipofika, zulia lilikuwa limeshasuuzwa, limetandazwa juu ya mbao likichuruzika maji. Halli alimwona Aune, akakata moja kwa moja katikati ya zulia, nyayo zimejaa tope la ufukweni. Tarja akafumba macho. Hakuna aliyemfukuza.

Jouko alikunja mikono ya shati, akaichukua brashi kutoka mkononi mwa mama yake, akapiga magoti.

"Jioni nakuja kuweka kishikio ukutani, na taa ya njia ya chooni," akasema akiwa ameinama. "Ile korido tuiache." Kisha akagusa alama za tope kwa kidole, akauliza swali ambalo pale gatini haliulizwi. "Na hili je, Mama? La nani?"

Aune alikishika kichwa cha mbwa kwa mikono miwili.

"La Halli," akasema, machozi yakimtoka mbele ya watu wote. "Hili kweli la Halli."