Bamba Jeupe la Chokaani

Ukiitazama nchi ya Bwerera kutoka mbali, utadhani ni mtu aliyevaa kanzu nyeupe akasahau kunawa miguu. Juu kileleni uko mji wa Chokaani, ambao nyumba zake zimepakwa chokaa hadi macho yanauma, na kila kazi yenye mshahara katika nchi nzima, kuanzia ya kuoka mikate hadi ya kuilinda, imo ndani ya ukuta wake. Chini umelala mji wa Ngeuni, wenye watu wengi zaidi, juu ya udongo mwekundu unaoingia kwenye nyufa za visigino na kugoma kutoka. Ngeuni hakuna kazi. Kuna watu wanaotafuta kazi, basi.

Mtawala, Mtukufu Kidari, mtu mpana wa kifua na mwembamba wa mengine yote, hakupiga marufuku kumwajiri mtu wa Ngeuni. Angekwambia hana ubaguzi. Aliweka tu bamba la jiwe jeupe langoni, na kila aliyekwenda kutafuta kazi alitakiwa kuvua viatu na kulikanyaga. Ukiacha alama nyekundu, unarudi. Alisema ni suala la usafi. Siku ya kulizindua alijigamba: "Hata mimi nikiacha alama, nirudisheni." Wakubwa wakacheka, na maneno hayo yakachongwa juu ya lango, kwa kuwa Kidari hakuwahi kutembea kwa miguu. Alibebwa kwenye kiti.

Watu wa Ngeuni nao wakaanzisha desturi ya kubebana. Familia ilichagua mtu mmoja, ikamlaza kitandani siku kadhaa ikimsugua nyayo kwa mchanga na limau, kisha jamaa mwenye nguvu akampandisha mlima mgongoni asikanyage chini. Aliyebebwa huenda akapata kazi. Aliyebeba hakuipata kamwe.

Hivyo ndivyo Tengo alivyopata yake. Dada yake Zawena, mjane mwenye watoto watatu, alimbeba mlima mzima huku akiyatukana mawe. Siku hiyo nafasi ya msimamizi wa bamba ilikuwa wazi, na Tengo akapewa. Wakubwa walifurahi: huyu anazijua nyayo za kwao. Kabla ya hapo ndugu hao walikuwa wamekubaliana kwamba Tengo akishakaa vizuri, atamwingiza dada yake kwenye tanuri la mikate, maana kuoka Zawena alikujua, na unga ndio uliokosekana.

Zawena alipokuja kudai ahadi, hakukuwa na wa kumbeba. Alipanda kwa miguu yake, akavua ndala, akakanyaga bamba. Tengo aliitazama alama, kisha akamtazama mlinzi mwenye mkuki aliyesimama nyuma yake.

"Dada, umeacha alama."

"Naiona. Ni ya mguu uleule uliokuleta hapa."

"Nikikupitisha, tutarudishwa wote wawili."

"Basi kaa juu, mdogo wangu. Angalia tu usishikwe na kizunguzungu."

Alishuka bila kugeuka. Tengo akafuta alama kwa brashi.

Masika yalipoingia, Kidari alisikia kwamba Ngeuni wananung'unika, akaamua kwenda kuwasemesha. Walinzi wake, kwa kuogopa kuchafua nyayo, walibaki langoni. Kiti kilibebwa na watu wanne wa Ngeuni, kwa ujira wa makoko ya mkate, na mmoja wao alikuwa Zawena, kwa sababu mgongo wake ulikuwa na sifa. Kubeba hakukuhesabiwa kuwa kazi.

Akiwa juu ya kiti chake, Kidari aliwaambia watu waliosimama kwenye tope kwamba kazi haiangalii mtu katoka wapi, na kwamba anayelalamikia mahali anapokaa ni mvivu anayetafuta kisingizio. Hakuna aliyepiga makofi. Mvua ikaanza.

Wakaanza safari ya kurudi. Katikati ya mlima, kwenye tope zito kuliko kote, Zawena alisimama, na wenzake wakasimama. Walimtua Mtukufu taratibu, kama mtungi uliojaa, kisha wakaziachia fito za kukibebea kiti.

"Kuna nini?" aliuliza Kidari.

"Tumechoka, Mtukufu," Zawena alisema. "Lango si mbali."

Alitisha, akaahidi. Miguu ya kiti ilipoanza kuzama, alishuka. Viatu vyake vya hariri vilibaki kwenye tope, naye akafika langoni akiwa mwekundu hadi magotini. Walinzi wakatazama chini. Tengo akasema:

"Kanyaga bamba, Mtukufu."

Kwa hasira, Kidari alikanyaga ili apite, na alipoinua mguu, unyayo ulibaki pale, mpana, wa vidole vitano, mwekundu kama wa mtu yeyote. Mlinzi wa mkuki aliyatazama maneno yaliyochongwa juu ya lango. Hakuondoka langoni.

Kidari akamgeukia Zawena, aliyekuwa amefika nyuma yake.

"Nibebe."

"Nikupeleke wapi?"

"Nyumbani."

Zawena aliutazama unyayo. "Kwa mguu huo, nyumbani kwako ni kule chini."

Mlinzi aliinua mkuki, lakini hakujua amwelekezee nani. Chini kwenye mvua watu wa Ngeuni walikuwa wakipanda mlima, kila mtu kwa miguu yake, bila kubebana. Kidari alimtazama Tengo, kisha akaitazama brashi iliyokuwa mkononi mwake. Kuufuta unyayo ule ilikuwa kazi ndogo. Tengo alikuwa amekwisha kuzifuta nyingi, pamoja na ule wa dada yake.

Akainama, akaiweka brashi chini ya kigoda alichokalia, akabaki amekaa, akisikiliza miguu ikikaribia.