Ombi la Kukata Tawi

Mume wa Mama Pacha alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa, na alikuwa mwenyekiti wa kweli, si wa jina. Taa ya barabarani ikiungua, alipiga simu mpaka ikawaka. Mtaro ukiziba, alisimama pembeni yake mikono nyuma mpaka maji yakapita. Mtaa wao ulikuwa wa miti mikubwa na nyua za michongoma, kivuli toka mwanzo mpaka mwisho, na watu walisema kivuli kile ni kazi ya Mwenyekiti. Nyumbani kwake bomba la jikoni lilikuwa likidondoka tangu mwaka jana, na mlango wa stoo ulifungwa kwa kamba ya kiatu.

Mama Pacha alishazoea. Mapacha wenyewe walikuwa wamekua, wanasoma mji mwingine. Yeye alishinda kwenye chumba cha nyuma cha duka la miwani, akisaga kingo za lenzi ili ziingie kwenye fremu. Ni kazi isiyotaka papara. Ukikosea nusu milimita, mtu ataumwa kichwa mwezi mzima asijue kimemsibu nini. Kwa hiyo uvumilivu alikuwa nao, tena wa kugawa. Bomba alilivumilia. Mlango aliuvumilia. Tawi ndilo lililomshinda.

Tawi lenyewe lilikuwa la mkaratusi uliosimama nyuma ya nyumba, mrefu mara tatu ya paa. Lilikuwa nene kama kiuno cha mtu mzima, nalo lilikuwa limelala juu ya chumba cha uani. Zamani chumba hicho kilikuwa cha kuwekea masanduku. Sasa alilala humo mama mzazi wa Mama Pacha, bibi wa mapacha, ambaye kiharusi kilikuwa kimemwachia upande mmoja wa mwili na maneno machache. Hakukuwa na chumba kingine cha kumfaa. Hicho tu ndicho kilichokuwa karibu na bafu, na mlango wake ulikuwa mpana wa kutosha kupitisha kiti cha magurudumu. Upepo ukivuma, tawi lililia kama mlango wa zamani, na Bibi alilala macho wazi akiangalia dari.

"Baba Pacha, lile tawi likatwe," Mama Pacha alisema mwezi wa kwanza.

"Litakatwa."

"Lini?"

"Kuna utaratibu, mke wangu. Unajua utaratibu."

Aliujua. Ulikuwa umeandikwa kwenye meza yao ya chakula, kwa mkono wa mumewe, mwaka ambao jirani mmoja alikata miti minane kwa siku moja ili apate pa kuegesha magari. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kukata mti, wala tawi nene kuliko kifundo cha mkono, bila kibali cha kamati.

"Mimi nikijikatia la kwangu," mumewe alisema, "kesho mtaa mzima utabaki kipara. Watasema mwenyekiti kaanza."

"Na likimwangukia mama watasema nini?"

"Haliwezi kuanguka ghafla hivyo."

Mwezi wa pili Mama Pacha alijaza fomu. Aliijaza kama mkaazi mwingine yeyote, akaeleza tawi liko wapi na linamhatarisha nani, akamkabidhi mumewe akinywa chai. Mwenyekiti aliisoma mwanzo mpaka mwisho, akaigonga muhuri, akaiweka kwenye faili la kijani. "Umeandika vizuri sana," alimwambia. Mama Pacha alitamani kumwagia hiyo chai kwenye hilo faili.

Kamati ilikutana Alhamisi, kila baada ya wiki mbili, saa kumi na moja jioni, hapohapo sebuleni kwake. Kikao cha kwanza wajumbe hawakutimia. Kilichofuata walitimia, lakini saa mbili nzima ziliishia kwa mbwa wanaobweka, ombi likasogezwa mbele. Mara ya tatu lilisomwa, na Mama Pacha, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, alidhani sasa limekwisha.

Hapo mzee mmoja aliinua kidole. Alikuwa hakimu mstaafu, na mtaani walimwita Mzee Kifungu, kwa sababu hata ukimsalimia angekutafutia kifungu cha kukujibia.

"Mwombaji si mwenye nyumba," alisema. "Hati ya nyumba ina jina la Mwenyekiti. Anayestahili kuomba ni mwenye nyumba."

"Basi Baba Pacha aombe," Mama Pacha alisema kutoka mlangoni.

"Hawezi, mama. Ni mwenyekiti. Atakuwa anajiomba mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Huo ni mgongano wa maslahi."

"Kwa hiyo nani anaweza kuomba?"

Mzee Kifungu alifikiri. "Kwa hali ilivyo," alisema kwa upole kabisa, "hakuna."

Mama Pacha alimwangalia mumewe. Mumewe aliangalia faili. Mama Pacha aliweka sinia chini, akaenda jikoni, akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Si kwamba Mwenyekiti alikuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera zaidi mkewe. Mume mbaya ungemgombeza ukamaliza. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, na tangu Bibi aletwe, yeye ndiye aliyeshinda naye. Alimlisha uji kijiko kwa kijiko, akamsomea gazeti mpaka matangazo ya vifo, akamnyoosha vidole vilivyokakamaa mara tatu kwa siku kama alivyoelekezwa hospitali. Alimwita mama, na hakuona taabu kumbadilishia shuka. Ila simu ikilia, mtu wa nyumba ya pili au ya ishirini akisema ana shida, alikuwa ameshavaa viatu.

Ilikuwa Alhamisi ya kikao cha nne upepo ulipochachamaa. Dukani Mama Pacha aliona majani yanapita dirishani kama yamerushwa, akazima mashine ya kusagia. "Naomba ruhusa," alimwambia daktari wa macho, na hakungoja jibu.

Alipofika nyumbani geti lilikuwa wazi na mume hayupo. Alikimbilia chumba cha uani. Vumbi jeupe lilikuwa limejaa kitandani, na kipande cha dari kilikuwa kinaning'inia kando ya tundu. Kupitia tundu hilo kulikuwa kumeingia kitawi chenye unene wa mkono, kikasimama wima sakafuni kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Kati yake na kichwa cha Bibi palikuwa na hatua moja. Tawi kubwa lenyewe lilikuwa bado juu, likiyumba.

Bibi alikuwa ameshika shuka kwa mkono wake mzima. "Umechelewa," alisema, na hilo neno moja lilimchukua muda mrefu kulitoa.

Mama Pacha hakulia. Alimpangusa vumbi usoni, akamhamishia kwenye kiti cha magurudumu, akampeleka sebuleni. Kisha alirudi na spana, akaanza kufungua kitanda. Nati mbili zilikuwa zimeshika kutu, naye alizipiga kwa kisigino cha kiatu huku akisema maneno ambayo hakuwahi kuyasema mbele ya mama yake. Alikuwa akiburuta ubavu wa kitanda kwenye korido alipobishiwa hodi. Aliyebisha alikuwa mfamasia wa nyumba ya kona, dada mdogo mdogo tu, ambaye ndiye katibu wa kamati. Alikuja mapema na daftari lake la mihtasari.

"Dada, vipi tena?"

"Shika huko," Mama Pacha alisema.

Mfamasia aliweka daftari chini, akashika. Walisukuma makochi mpaka ukutani, na katikati ya sebule, mahali pa meza ya mikutano, wakasimamisha kitanda cha Bibi na kukitandika.

Mwenyekiti alirudi saa kumi na moja kasoro, pamoja na Mzee Kifungu na wajumbe wengine wawili. Alikuwa ametoka kusimamia nguzo ya umeme iliyoinama mtaa wa nyuma. Alisimama mlangoni akaona kitanda, akamwona mama mkwe wake ameegemezwa mito, akamwona mkewe amekaa pembeni nywele zimejaa vumbi, spana mapajani.

"Kumetokea nini?"

"Nenda kaangalie mwenyewe."

Alikwenda. Alipotoka chumba cha uani, uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Niliondoka kidogo tu," alisema.

"Kaa," Mama Pacha alisema. "Nyote kaeni. Fungueni kikao."

Wakakaa, kwani ungefanya nini? Walikizunguka kitanda kama madaktari. Mfamasia aliandika tarehe. Mzee Kifungu alikohoa, akasema kwamba kwa heshima zote, katika chumba cha kikao kuna mtu asiye mjumbe. Mama Pacha alisimama na spana yake. Lakini kabla hajafungua kinywa, Bibi aliinua mkono, ule mzima, kama mwanafunzi darasani.

"Mama, shikamoo," Mzee Kifungu alisema. "Samahani, lakini hapa wanaosema ni wajumbe."

Bibi aliutafuta mdomo wake, akaupata. "Ninyi," alisema, "mnalala wapi?"

Mfamasia aliinua kalamu kutoka kwenye daftari.

"Mimi," Bibi alisema, "nalala chini yake."

Mmoja wa wajumbe aliangalia viatu vyake. Mwenyekiti alifungua faili la kijani, akalifunga. Mzee Kifungu ndiye aliyesogea, akavaa miwani, akaomba kitabu cha taratibu, akalowesha kidole na kufunua kurasa polepole.

"Kifungu cha tisa," alisema. "Mkaazi yeyote, awe mwenye nyumba au asiwe, ambaye maisha yake yako hatarini, anaweza kuomba kwa mdomo, na kamati itaamua papo hapo."

Mama Pacha alihisi masikio yanawaka moto. "Hicho kifungu kimeandikwa leo?"

"Hapana, mama. Kipo tangu mwanzo."

"Na kikao kilichopita, niliposimama pale mlangoni na sinia, kilikuwepo?"

"Kilikuwepo."

"Sasa mbona hukukisema?"

Mzee Kifungu alivua miwani, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee tu, si hakimu. "Uliniuliza nani anaweza kuomba kwa hali ilivyo," alisema. "Mambo ya hatari sikuyafikiria. Mimi niliona karatasi. Sikumwona mtu."

Mikono yote iliinuliwa. Na wa Bibi pia.

Jumamosi asubuhi walikuja mafundi wa kukata miti, wawili, na kamba na msumeno wa mashine. Walilishusha tawi vipande vipande, na watoto wa majirani wakakaa juu ya ukuta kutazama. Ndani lilikuwa tupu. Mchwa walikuwa wamelila likabaki gome tu na unga wa kahawia. Fundi mkubwa alilipiga teke, mguu ukazama.

"Hili lilikuwa linangoja upepo mmoja tu," alisema.

Mwenyekiti alilitazama muda mrefu. Mafundi walipoondoka, alimfuata mkewe jikoni.

"Ungenisisitizia," alisema.

Mama Pacha aliweka kisu chini taratibu. "Rudia."

"Nasema, ungenieleza kwamba ni..."

"Nimekueleza kitandani. Nimekueleza mezani. Nimekujazia fomu, Baba Pacha! Mimi, mke wako, nimekuandikia barua na wewe ukaigonga muhuri!"

"Nilitaka kutenda haki."

"Kwa nani? Mtaa mzima ukibisha hodi, unatoka mbio. Mimi nimo humu humu ndani, sibishi hodi, ndiyo maana hunisikii."

Mwenyekiti alivuta kiti, akakaa, akaiweka mikono yake mezani kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Nilipoona lile tundu," alisema baadaye, "nilitaka kutapika."

"Vizuri," Mama Pacha alisema, akaendelea kukata vitunguu. Ingekuwa siku nyingine angemshika bega. Siku hiyo hakuweza.

Jumapili Mwenyekiti alipanda ngazi na kuziba dari kwa mikono yake. Aliziba vibaya, kiraka kikatokeza kama jipu, lakini aliiziba. Simu yake ililia mara nne mfukoni na hakuipokea. Mama Pacha alihesabu. Jioni alipiga deki chumba cha uani, akafungua madirisha, akaenda sebuleni na spana.

"Haya mama, twende zetu chumbani. Pako salama sasa."

Bibi alitikisa kichwa.

"Tawi halipo, mama. Nimeliona kwa macho yangu."

"Huku," Bibi alisema, "kuna watu."

"Lakini hapa sebuleni, mama..."

"Huku kuna watu," Bibi alirudia, na lilitoka safi kuliko sentensi yoyote tangu augue.

Alibembelezwa wiki nzima, hakukubali. Mfamasia alianza kupita asubuhi kumsalimia kabla ya kwenda kazini. Mzee Kifungu alipita jioni na magazeti, akasema ni ya Mwenyekiti, lakini alimsomea Bibi. Mama Pacha alirudi kutoka dukani macho yamechoka, akawa hana hata kochi la kutupia miguu, kwa maana makochi yote yalikuwa ukutani na kila moja lina mtu. Alikuwa ameshinda, kila mtu alimwambia hivyo. Alipotafuta ushindi wenyewe uko wapi, hakuuona.

Alhamisi ya kikao waliijadili tena habari ya mbwa. Alipoingiza chai, walikuwa wanapiga kura, na Mzee Kifungu alihesabu mkono wa Bibi bila kupepesa macho, akamwambia katibu aandike. Mumewe alimwangalia mkewe, akasogea kidogo kumwonyesha nafasi kando yake. Ilikuwa nafasi ya nusu mtu.

Alichukua kikombe chake, akaenda chumba cha uani, akafunga mlango. Humo alikuwa ameweka kiti kimoja tu. Bila tawi, jua la jioni liliingia lote, chumba kikawa joto kama tanuri, na mwanga ukamchoma macho. Alikaa hivyo hivyo. Alivua viatu, akanyoosha miguu kwenye sakafu tupu.

"Mama Pacha!" mtu aliita kutoka sebuleni. "Sukari imeisha huku!"

Alikunywa chai yake, na hakuitika.