Njia ya Wifi

Jua la mwaka huu halikuwa na adabu. Uwanja wetu wa mbele, ambao zamani watu walisimama getini kuusifia, uligeuka rangi ya gunia. Na katikati palikuwa na upara mrefu, kutoka penye pengo la ua hadi mlango wa jikoni kwangu. Huo haukuletwa na jua. Uliletwa na miguu ya wifi yangu.

Wifi ni dada wa mume wangu, nyumba yake imepakana na yetu. Kila asubuhi alipita hapo na kikombe mkononi, eti kuomba sukari, kisha anakaa mpaka jua linaingia dirishani. Mume wangu ni mtu wa "mh" na "sawa". Wifi ndiye niliyekuwa nacheka naye.

Nikaamua nyasi zirudi. Udongo ulikuwa mgumu kama sakafu, kwa hiyo niliuchoma kwa uma wa bustani, nikatawanya samadi iliyooza vizuri, nikapandikiza ukoka penye upara. Zamani nilimwagilia kila jioni kidogo kidogo, kumbe nilikuwa naidekeza mizizi ikae juu juu. Nikabadili: alfajiri, mara chache, lakini maji yashuke mpaka chini. Kisu cha mashine ya kukatia nikakipandisha, maana jani refu huufunika udongo. Mume wangu alitaka zikatwe fupi kabisa. Nilimwambia anyoe kichwa chake.

Ili vipandikizi vishike, nikafunga kamba pengoni. Bahati mbaya, siku moja kabla, wifi alipoingia na kikombe chake nilikuwa nimemwambia, "Na wewe, huchoki kuja?" Tuliangua kicheko. Angalau mimi niliangua.

Baada ya ile kamba hakuja tena. Nikamsikia anafagia upande wake, nikamsalimia, akaitikia kama anaitikia mpita njia. Nikasema moyoni, akinuna na anune, mimi si wa kubembeleza mtu. Chai yangu nikainywa na redio.

Ukoka ukashika. Zilichomoza ncha chache, zikatambaa, zikashikana, na watu wakaanza tena kusimama getini. Mume wangu akatoka kibarazani, akasema maneno mengi kuliko kawaida yake.

"Umeweza, mama watoto. Hata ile njia ya wifi yako imefutika."

Nikatazama. Kweli ilikuwa imefutika, usingejua kama kuna mtu aliwahi kupita pale. Nilijisikia vibaya, vibaya kabisa, na mpira wa maji mkononi.

Nikachukua kikombe, nikaifungua kamba, nikakatiza katikati ya nyasi changa na kandambili zangu zenye tope. Wifi alikuwa anaanika mashuka.

"Wifi, naomba sukari."

Akakitazama kikombe. "Kwako imekwisha?"

"Kopo limejaa."

Akabana shuka kambani, taratibu. "Na ile kamba yako?"

"Nimeifungua. Ilikuwa ya nyasi, wifi. Ya nyasi tu."

"Kwani nyasi ndizo zilizoniuliza kama sichoki kuja?"

"Nilikuwa natania."

"Najua, na mimi nilicheka. Kulipokucha nikaiona kamba."

Nilimwambia tu kwamba nimemkosa, na machozi yakanitoka pale pale mbele ya mashuka yake. Akaninyang'anya kikombe, akaingia ndani, akanirudishia kimejaa sukari mpaka inamwagika.

Asubuhi iliyofuata akazunguka barabarani na kugonga geti, asije akaharibu kazi yangu.

"Rudi huko," nikamwambia. "Pita kwako."

"Nitazikanyaga!"

"Zikanyage!"

Akacheka mpaka akaliegemea geti. Kisha akarudi, akapita pengoni, akaja moja kwa moja mpaka jikoni.

Ukija kwetu sasa utakuta uwanja wa kijani, na katikati upara mrefu. Wajuaji husimama getini na kunipa dawa za kuuziba. Nawaitikia "mh", kama mume wangu, kisha namwagilia pembeni.