Kunguni wa Sebuleni

Kunguni walikuwa ndani ya nyumba ile kabla msichana wa dobi hajahamia. Mimi nilijua. Nilipoulizwa mbele ya watu, nilijibu kwa namna iliyowafanya wote waamini kwamba amekuja nao.

Ni miaka tisa sasa, na nikiikumbuka sebule ile bado mate hunijaa mdomoni, yale mate mepesi yanayotangulia kutapika.

Watu hudhani kazi yangu ndiyo inayotia kinyaa. Napuliza dawa ya wadudu. Nimetoa panya waliooza darini, nimezoa mende kwa koleo. Hayo unanawa, yanakwisha. Shule niliiacha darasa la sita, lakini wadudu nimewasoma vizuri kuliko wengi walivyosoma vitabu vyao. Kunguni, kwa mfano, hujivua ganda mara tano kabla ya kuwa mkubwa, na maganda hayo huyaacha palepale alipojificha. Ukiyakuta mengi, unajua familia hiyo imekaa siku nyingi. Usipoyakuta, unajua ni wageni. Haihitaji cheti.

Nyumba yenyewe ilikuwa kubwa, ya ghorofa, iliyokatwakatwa kwa mbao nyepesi hadi ikatoa vyumba kumi na kimoja. Kila chumba kitanda, meza na ndoano tatu za nguo. Jiko moja, mabafu mawili, sebule moja. Waliokaa humo walikuwa vijana wa kazi: mmoja wa benki, mmoja mtangazaji wa redio, wawili watatu wa kompyuta, mmoja alifundisha watu mazoezi ya viungo. Hakuna aliyefungwa na mkataba wa mwaka. Ukitaka kuondoka, unatoa taarifa ya siku saba. Ukiichoka nyumba hiyo, unahamia nyingine ya kampuni ileile. Zilikuwa tano mjini, na begi lako ni moja tu. Mpango wenyewe sikuuona mbaya. Nilipokuwa na umri wao nililipa kodi ya mwaka mzima kwa mtu aliyenihesabia ndoo za maji. Ningepewa siku saba za kumkimbia, ningeshukuru.

Kilichonichefua kilikuwa kingine. Friji lilikuwa na rafu zilizobandikwa majina, na kila kilichooza humo kilikuwa na mwenyewe ambaye hakigusi. Katika tundu la bafu nilivuta nywele za watu kumi na mmoja zilizosokotana kama mkia wa mnyama. Sinki lilikuwa limejaa vikombe vyenye ukungu, na juu yake, ukutani, mtu alikuwa ameandika kwa rangi nzuri: HAPA SOTE NI NDUGU.

Nilianza kukagua asubuhi, chumba baada ya chumba, na tochi yangu na kadi ngumu ya plastiki ninayoipitisha kwenye mishono ya magodoro. Vyumba vingi niliwakuta, wanene, wamelewa damu za wenyewe. Kisha nikafika namba saba, chumba cha msichana wa dobi. Alikuwa na wiki tatu tu ndani ya nyumba.

"Karibu, baba," alisema. "Kitanda nimeshakilaza ubavu, usisumbuke kuinama."

Hakuna mwingine aliyenikaribisha. Chumba kilinukia sabuni na pasi ya moto. Mashuka aliyakunja hadi pembe zikakutana. Niliangaza kila ufa, nikapata kunguni watatu, wachanga, wembamba kama mbegu za ufuta, wote karibu na soketi ya ukutani. Hakuna ganda. Hakuna yai. Walikuwa wamepita kwenye waya kutoka upande wa pili.

"Ni mimi?" aliuliza.

"Wewe nini?"

"Niliyewaleta. Wanasema ni mimi, kwa sababu tunafua mashuka ya gesti na ya hospitali."

"Mnafua kwa maji gani?"

"Yanayochemka. Ukizubaa unatoa mkono bila ngozi."

"Basi hakuna kunguni anayetoka huko mzima. Si wewe, mwanangu."

Alikaa kwenye ukingo wa meza akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Saa kumi wana kikao. Waambie hivyohivyo, baba. Bosi wangu akisikia neno kunguni na jina langu pamoja, hata koti langu hatanisubiri nivae. Mashuka ya wagonjwa yale. Hawezi kubahatisha."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwambia kwa mdomo huu huu.

Sebuleni palikuwa na makochi manne ya mahameli ya kijani, ndiyo fahari ya nyumba. Picha zote za matangazo zilipigwa hapo, vijana wamekumbatiana, wanacheka. Nilipindua moja, nikachana kitambaa cha chini kwa kisu. Harufu ikanipiga kwanza, ile harufu tamu iliyovunda. Halafu nikaona. Mbao zilikuwa nyeusi kwa vinyesi vyao kama zimemwagiwa wino. Maganda yamelundikana unene wa vidole viwili, makavu, yakapeperuka nilipopumua. Na chini ya maganda, wao, tabaka juu ya tabaka, wanatambaa taratibu kama nyama iliyo hai. Wale hawakuwa wa wiki tatu. Wale walikuwa na mwaka, pengine na zaidi.

Meneja alinikuta nimepiga magoti. Kijana wa miaka thelathini hivi, viatu safi, mwenye tabia ya kuwaita wapangaji wake familia. Alitazama ndani ya kochi, akageuza uso haraka.

"Lirudishe chini, mzee," alisema.

Tukatoka hadi kwenye korido. Akaniambia makochi hayo kampuni iliyanunua kwa mkupuo kutoka gesti moja iliyofungwa, seti tano, seti moja kila nyumba. "Nikisema wametoka kwenye makochi, watu wote hawa wanaondoka kwa siku saba. Na nyumba nyingine nne zinafuata. Lakini ikiwa ni mtu mmoja, tunamwondoa mtu mmoja. Umenielewa?"

"Makochi lazima yachomwe," nikasema.

"Yatashughulikiwa. Polepole. Na anayeyashughulikia ni wewe. Nyumba zote tano, mzee wangu, mkataba wa mwaka, tunaongeza kila mwaka."

Ningependa kusema nilikuwa na njaa. Sikuwa. Wanangu walikuwa wanakula, kodi nilikuwa nimelipa, pampu yangu ilikuwa nzima. Nilitaka tu. Nilitaka kama mtu anavyotaka kipande cha pili akiwa ameshashiba.

Saa kumi familia ikakusanyika. Wakaketi kwenye makochi wakibanana, wengine kwenye mikono ya makochi, miguu juu, simu mkononi. Msichana wa dobi alibaki amesimama mlangoni. Hapakuwa na aliyemsogelea, wala aliyesogea ili akae. Wakajipanga juu ya kiota chenyewe na kumkwepa mtu pekee aliyekuwa safi.

"Mimi sina ubaya na mtu," alianza mtangazaji kwa sauti yake ya redioni. "Lakini tuseme ukweli, jamani. Dada yetu anashinda na mashuka ya watu asiowajua."

"Nayafua," msichana alisema. "Siyalalii."

"Sasa mbona tangu uje ndiyo tunaumwa?" akauliza wa benki.

"Wewe uliumwa kabla sijaja. Ulinionyesha shingo yako siku ile ya kwanza, ukasema ni joto."

"Ilikuwa joto!" Wenzake wakacheka. Yule wa mazoezi akajikuna goti akasema, "Sisi tulikuja na begi moja moja. Mwenzetu amekuja na mifugo." Wakacheka zaidi. Nilimwona kunguni mkubwa, wa rangi ya damu iliyoganda, akipanda pindo la suruali ya yule wa benki. Nikamtazama mpaka akaingia ndani ya soksi.

Meneja akainua mkono. "Tusibishane, familia. Fundi ni mtaalamu. Tumsikilize."

Msichana akanigeukia. "Baba, waambie ulichoniambia."

Nikasema, "Namba saba nimewakuta."

Ni kweli. Niliwakuta. Watatu, wachanga, wa kupita. Hayo sikuyasema, wala sikutaja vyumba vingine, wala kilichokuwa chini ya makalio yao. Sikudanganya hata neno moja, na hilo ndilo linalonichefua hadi leo, kwamba nilikuwa nimelipanga jibu langu ili nisidanganye.

Meneja akaomba wanaotaka msichana aondoke wanyooshe mikono. Wakanyoosha. Mmoja tu hakunyoosha. Alikuwa anaandika kwenye simu.

Meneja aliagiza vitu vya msichana vipuliziwe uani kabla havijatoka getini. Nikavipulizia. Mifuko minne ya plastiki, godoro alilokuja nalo mwenyewe, ndoo ya sabuni. Wapangaji walitazama kutoka madirishani, mmoja akipiga picha. Msichana alisimama juani. Nilipomaliza alinyoosha mikono yote miwili kama mtoto anayekaguliwa.

"Nipulizie na mimi, baba. Usibakize kitu."

Niliinama nikafunga bomba.

Picha ile ilizunguka. Wiki mbili baadaye nilipita kwenye ile dobi, sijui nikitafuta nini. Mama wa kaunta alinitazama juu hadi chini, akaona pampu mgongoni.

"Yule wa kunguni? Jumatatu tu alishaambiwa aende. Miaka mitatu alikuwa hapa, hata kifungo cha mteja hajawahi kupoteza. Wewe ni nani wake?"

"Si ndugu," nikasema.

"Basi pisha mlango, watu wapite."

Nyumbani nilimsimulia mke wangu nikidhani nitapata nafuu. Alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa, kisha akauliza, "Na mkataba ulitia sahihi?"

"Nilitia."

Akaendelea kuchambua.

Baada ya wiki saba kunguni walirudi kwa wingi, maana hawakuwa wameondoka. Mtangazaji na wa benki wakatumia siku zao saba wakahamia nyumba nyingine za kampuni, wakabeba na walichobeba. Kila mahali nilikuwa mimi ninayeitwa. Makochi tuliyachoma mwaka wa tatu, seti zote tano, uani. Yalilia kwenye moto kama chumvi.

Msichana alipoteza chumba, amana ya miezi miwili, kazi ya miaka mitatu, na godoro ambalo meneja alikataa litoke, likabaki uani hadi likaoza. Wale kumi walipoteza damu kidogo. Mimi nilifanya kazi katika nyumba tano kwa miaka minne, na kila mwisho wa mwezi nililipwa bila kucheleweshwa hata siku moja.