Barakoa Aliyoivaa kwa Ajili ya Mama

Mwaka ule wa korona, katika hospitali moja ya Moshi mjini, hakuna daktari aliyeshika masharti kama Dokta Ndelilio. Barakoa yake haikushuka chini ya pua hata akiwa peke yake ofisini. Kila alipotoka kwa mgonjwa alinawa mpaka viwiko, na hakupanda gari kurudi nyumbani kabla ya kubadilisha nguo. Madaktari vijana wa wodi yake walimwiga. Waliamini anaijua hatari kuliko wao.

Kumbe alikuwa akimwogopea mama yake. Bibi Eliaichi alikuwa na pumu, na waliishi pamoja kule Kirua Vunjo. Jioni alimwekea mwanawe mtori wa ndizi, naye Ndelilio aliunywa mlangoni, mbali naye, wakiongea kwa kupaza sauti kama watu wa mashamba mawili.

Wakati wa mvua, mama akafa kwa kiharusi. Korona haikumgusa. Wakamzika kihambani, shambani mwa ukoo, kwenye migomba yake.

Ndelilio alirudi kazini akiwa mtu aliyechoka na kila kitu. Asubuhi moja, katikati ya raundi, joto lilimzidi, akaivua barakoa na kuitia mfukoni. Kesho yake hakuivaa kabisa. Hakumweleza mtu sababu. Vijana nao wakaanza kuacha, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Hellen, daktari mpya, mwimbaji wa kwaya usharikani kwao.

Muuguzi Redempta peke yake ndiye aliyethubutu kumkabili.

"Dokta, hawa vijana wanakuangalia wewe."

"Ni watu wazima, Redempta. Masharti yamebandikwa ukutani, wasome."

Haukupita muda, Hellen akalazwa kwa korona kwenye wodi ileile, akipumua kwa oksijeni. Alipona, lakini pumzi yake haikurudi kama zamani. Kwaya akaiacha.

Ndelilio alimfuata kwao kumjulia hali, akamkuta amekaa barazani.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba, mwanangu. Hivi, kwa nini uliacha kuvaa barakoa?"

Hellen akamshangaa. "Si uliacha wewe? Nikajua umeona hatari imepita."

"Sikuona chochote. Nilikuwa namlinda mama. Alipoondoka, nikaona sina tena wa kumlinda."

Hellen alivuta pumzi, akasubiri itulie. "Na sisi tulikuwepo, dokta."

Ndelilio akataka kumwomba radhi, akaishia kuinuka. Akaaga, akateremka mjini akiendesha polepole.

Asubuhi iliyofuata aliingia wodini na barakoa usoni. Hakumwamuru mtu. Kufika mchana, vijana wote walikuwa wamevaa zao. Aliwatazama wakipita kitanda hadi kitanda, akaona jinsi lilivyokuwa jambo jepesi kuwalinda. Akaingia ofisini, akafunga mlango, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba.